BAHARI INA HOMA: MZIGO USIBEBESHWE MVUVI PEKE YAKE



Huenda mtu akaushika ukurasa huu, akasoma kichwa chake, kisha akauliza: "Chama cha wafanya kazi na samaki wapi na wapi? Sisi twataka habari za mishahara, saa za kazi na kodi ya nyumba." Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu mapema. Habari za samaki ni habari za mishahara.

Mshahara ni nini, ila kile unachoweza kununua nao? Mpakizi atokaye zamu bandarini Kilindini hapiti hotelini kula. Hupita kwa mama karanga, akanunua tafi wa kukaanga, akaenda nao nyumbani kwa watoto. Tafi yule akiwa mdogo kuliko wa mwaka jana, na bei yake ikiwa kubwa kuliko ya mwaka jana, basi mshahara wa mtu yule umekatwa, hata kama mwajiri hakuandika barua wala hakugusa daftari.

Tena kuna jambo la pili. Wengi wetu ni watoto wa wavuvi. Tuna baba Msambweni, wajomba Vanga, ndugu Takaungu, Ngomeni na Faza. Bahari ikiwanyima riziki, ndugu hao hawakai kitako kungoja kufa. Huja mjini kutafuta kibarua. Panapokuwa na watu kumi langoni kwa kazi moja, mwajiri huona kwa macho yake, naye hujua la kujibu siku tunapoomba nyongeza. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba mwamba unaokufa kule baharini haumhusu kwa kuwa yeye hana ngalawa. Unamhusu sana.

JOTO LENYEWE

Kwanza tuseme yaliyo kweli, maana mambo haya yamezungukwa na maneno mengi.

Moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi, unaotoka katika viwanda, magari na mitambo ya umeme ya dunia, umeufunika ulimwengu kama blanketi. Joto linalozuiwa na blanketi hilo halikai hewani tu. Zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 za joto hilo la ziada limeingia baharini. Bahari imetubebea mzigo huo kimya kimya, na sisi tuliokaa nchi kavu hatukuona.

Upande wetu wa Bahari ya Hindi, yaani upande wa magharibi, umepata joto zaidi kuliko sehemu nyingi nyingine. Kati ya mwaka 1901 na 2012, joto la juu ya maji katika miezi ya kusi lilipanda kwa nyuzi 1.2. Mtu atasema, nyuzi moja na kitu ni nini? Lakini fikiri habari ya mwili wa binadamu. Mtu mzima mwenye afya ana nyuzi 37. Akifika 38 na zaidi, huyo ana homa, na hakuna msimamizi mwenye haki atakayemwambia abebe gunia. Bahari yetu sasa ina homa, na kila baada ya miaka michache homa hupanda ghafula.

Ilipanda mwaka 1998. Ikapanda tena mwaka 2016. Ikapanda tena mwaka 2024, na mwezi wa Aprili mwaka huo wataalamu walitangaza kwamba matumbawe yanageuka meupe katika bahari zote za dunia, mara ya nne tangu mambo hayo yaanze kuandikwa. Pwani ya Kenya ilikuwamo.

MPANGAJI NA MWENYE NYUMBA

Tumbawe si jiwe. Ni mnyama mdogo sana, naye hujenga nyumba ya chokaa. Ndani ya mwili wake wamo wapangaji, mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo hupata mwanga wa jua, hupika chakula, na humlipa mwenye nyumba pango kwa chakula hicho. Sehemu kubwa ya riziki ya tumbawe ni pango hilo. Hata rangi zake ni za mpangaji.

Sasa maji yakizidi joto la mwezi mkali wa kila mwaka, hata kwa kiasi cha nyuzi moja tu, na yakakaa hivyo kwa majuma kadhaa, mapatano yale huvunjika. Mwenye nyumba humfukuza mpangaji. Tumbawe hubaki jeupe kama mfupa. Bado halijafa, lakini lina njaa. Joto likishuka upesi, mpangaji hurudi. Joto lisiposhuka, tumbawe hufa, na majani ya bahari huota juu ya mifupa yake.

Mwaka 1998 sehemu kama 16 katika kila 100 za matumbawe ya dunia zilikufa katika mwaka mmoja, na Bahari ya Hindi ya magharibi iliumizwa kuliko mahali pengi. Wenye mashua waliokuwako wakati ule wanakumbuka miamba ilivyokuwa myeupe kutoka kusini hadi kaskazini.

Mwamba huhitaji miaka kumi na zaidi kujirudisha. Hapo ndipo penye hatari. Mgonjwa anayepata homa mara moja katika miaka ishirini hupona. Anayeipata kila baada ya miaka michache hana nafasi ya kupona. Kamati ya wataalamu wa hali ya hewa ya Umoja wa Mataifa ilisema mwaka 2018 kwamba dunia ikipata joto la nyuzi 1.5 juu ya lile la zamani za kabla ya viwanda, miamba ya matumbawe itapungua kwa sehemu 70 hadi 90 katika kila 100. Ikifika nyuzi 2, itapotea karibu yote.

SAMAKI HUFANYA NINI?

Watu wengi hudhani mwamba ukifa, samaki wote hufa siku ile ile. Sivyo, na kwa sababu sivyo, wengi wamedanganyika.

Wanaoumia kwanza ni samaki wanaokula tumbawe lenyewe, kama vipepeo, na wale wadogo wanaojificha katika matawi yake. Hao hupungua upesi. Lakini samaki wanaokula majani, yaani tafi, pono na kangaja, huona meza imeandaliwa, maana juu ya tumbawe lililokufa huota majani tele. Basi kwa miaka kadhaa hao huweza hata kuongezeka, na mvuvi wa lema akasema, "Mbona mimi napata?"

Majirani zetu wa Shelisheli walipimiwa jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1998 walipoteza zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 za matumbawe hai katika visiwa vyao vikubwa. Miamba 21 ilipimwa mara kwa mara. Baada ya miaka kama 15, miamba 12 ilikuwa imeanza kurudi katika hali yake, na 9 ilikuwa imegeuka kuwa mashamba ya majani. Wakati huo wote wavuvi waliendelea kupata samaki, kwa sababu ya tafi na wenzake. Lakini wataalamu waliona pia kwamba mapato yalikuwa hayana utulivu: leo mengi, kesho hakuna, na mahali hapa tele, na pale patupu. Kisha mwaka 2016 joto likaja tena juu ya miamba ile ile iliyokuwa inapona.

Mfanya kazi wa kibarua anaelewa vizuri maana ya riziki isiyo na utulivu. Mwenye mshahara wa mwezi hupanga maisha yake. Kibarua hulala na wasiwasi. Mvuvi wa mwamba uliokufa ni kibarua wa bahari.

Tena mwamba uliokufa haukai umesimama daima. Mawimbi ya kusi huuvunja, wadudu huutoboa, na baada ya miaka mashimo na mapango ambamo samaki wakubwa walikaa hubomoka. Chewa hana nyumba tena. Hapo ndipo hasara kamili huonekana, wakati watu wamekwisha sahau chanzo chake.

PUMZI NA CHAKULA

Liko jambo jingine lisilotegemea mwamba. Samaki hana joto lake mwenyewe kama sisi. Joto la maji ndilo joto la mwili wake. Maji yakiwa moto, mwili wake hufanya kazi kwa haraka zaidi na hutaka pumzi zaidi. Lakini maji ya moto hushika hewa kidogo kuliko maji baridi. Kwa hiyo mahitaji yanapanda na akiba inashuka, kama bei na mshahara. Kati ya mwaka 1960 na 2010 bahari za dunia zilipoteza zaidi ya sehemu 2 katika kila 100 za hewa iliyomo majini. Samaki mwenye mwili mkubwa ndiye anayebanwa kwanza. Ndiyo sababu wataalamu wengi wanaogopa kwamba samaki wa kesho watakuwa wadogo kuliko wa jana. Mayai na samaki wanaojiandaa kutaga ndio wasiostahimili joto kabisa. Samaki mzima aweza kuvumilia, lakini kizazi kikakatika.

Na chakula? Maji ya juu yakipata moto huwa mepesi, hukaa juu kama mafuta, wala hayachanganyiki vizuri na maji baridi ya chini yenye mbolea. Mimea midogo ya majini, ambayo ni nyasi ya malisho ya bahari nzima, hukosa mbolea hiyo. Dagaa hukosa malisho, na mla dagaa hukosa dagaa.

Basi samaki hufanya kama watu: huhama. Katika bahari nyingi samaki wanahama kuelekea kaskazini ya dunia au kusini, kunako maji baridi. Kule Atlantiki, samaki aitwaye makreli alihamia maji ya Iceland. Nchi hiyo ilikuwa haivui makreli karibu kabisa, lakini mwaka 2008 ilivua zaidi ya tani 100,000, na ugomvi mkubwa ukazuka baina yake na mataifa ya Ulaya. Samaki hana pasi wala hajui mipaka.

Lakini tazama, ndugu, tofauti baina yao na sisi. Kule Ulaya samaki mmoja akihama kwenda kaskazini, mwingine huja kutoka kusini kushika nafasi yake. Sisi tuko kwenye mstari wa Ikweta. Hakuna nchi ya nyuma yetu yenye bahari moto zaidi itakayotuletea samaki wake. Anayeondoka hapa anaacha nafasi tupu.

Samaki wa maji makuu ndio wenye mbio zaidi. Mwaka 1997 na 1998, maji ya upande wetu yalipopata moto, jodari walisogea mbali kuelekea mashariki ya Bahari ya Hindi. Meli kubwa za kigeni zilizokuwa zikiwavua huku ziliwafuata huko huko, maana zina mashine, barafu, na mafuta ya kutosha majuma mengi. Je, dau la Shela au mashua ya Shimoni ingewafuata? Joto linamwangukia kila mtu, lakini mwenye meli hupata njia ya kulikimbia. Mwenye ngalawa hubaki.

MAJIBU MAWILI YA UONGO

Hapa husikika sauti mbili, na zote mbili zinapotosha.

Sauti ya kwanza husema: "Mvuvi ndiye mharibifu. Juya lake na nyavu zake za matundu madogo ndizo zilizomaliza samaki. Afukuzwe." Husemwa sana katika majumba yenye mashine za kupoza hewa. Sisi twauliza: nani aliyechafua anga? Afrika nzima, yenye karibu mtu mmoja katika kila watu watano wa dunia, hutoa sehemu kama 4 tu katika kila 100 za moshi unaoleta joto hili. Mvuvi wa tanga hutoa nini? Upepo wa kaskazi hautoi moshi. Kumtwisha yeye hatia yote ni kumpiga aliyeibiwa na kumwacha mwizi.

Sauti ya pili husema: "Haya ni ya Mungu, au ni ya wazungu na viwanda vyao. Sisi hatuna la kufanya. Basi tuvue kwa chochote tulicho nacho mpaka wamalizike." Maneno haya ni matamu masikioni, lakini yana sumu.

Tuchukue mfano wa Peru. Mwaka 1970 nchi ile ilivua zaidi ya tani milioni 12 za dagaa wake, kuliko uvuvi wowote wa samaki wa aina moja duniani. Viwanda vya kusaga samaki vilikuwa vimejaa watu. Mwaka 1972 maji moto ya El Niño yakaja. Maji hayo yalikwisha kuja mara nyingi zamani, na dagaa walirudi. Safari hii yaliwakuta wamekwisha vuliwa kupita kiasi. Mwaka 1973 mapato yalianguka chini ya tani milioni 2, na watu wa viwandani walifukuzwa kazi. Joto peke yake halikufanya hayo, na nyavu peke yake hazikufanya hayo. Vilifanya viwili kwa pamoja. Mwili dhaifu ndio unaouawa na homa.

Hata hapa kwetu mambo ni hayo. Yuko samaki aitwaye kikande. Huyu hula wale wadudu wa miba wanaokaa miambani na kumchoma mtu miguu. Kikande akivuliwa wote, wadudu wale huzaliana mno, huguguna mwamba na kula majani yote, hata tafi na pono hawana malisho. Mwamba wa namna hiyo ukipigwa na joto, utasimama kwa nguvu gani?

Kwa hiyo msimamo wa ukurasa huu ni huu: joto hatukulileta, na walioleta wanalo deni. Lakini nyavu ni zetu, na mwamba wenye samaki wengi wa kila aina una nafuu kuliko mwamba mtupu. Kazi zote mbili zifanywe, wala moja isiwe kisingizio cha kuiacha nyingine.

YALIYOKWISHA FANYWA NA WATU WETU

Tusiseme hakuna kilichofanyika. Mbuga za bahari za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968, na samaki ndani yake ni wengi na wakubwa kuliko nje. Lakini tuseme ukweli pia: mwaka 1998 matumbawe ya ndani ya mbuga yalikufa kama ya nje. Askari wa mbuga huweza kuzuia mshipi, hawezi kuzuia joto. Tena wavuvi wa zamani wa sehemu hizo hawakusahau kwamba maji yale yalikuwa shamba lao.

Njia nyingine ni ile ya Kuruwitu, katika Kilifi. Huko wavuvi wenyewe, kuanzia mwaka 2003, walikutana, wakashauriana, wakafunga sehemu ya bahari yao kwa hiari yao. Samaki walirudi, na mwaka 2017 walipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mwaka huo huo walituzwa pia watu wa Gazi, ambao tangu mwaka 2013 wanalinda hekta 117 za mikoko na kulipwa fedha kwa ajili ya hewa chafu inayofungwa na mikoko ile. Fedha hizo zimeingia katika maji ya kunywa na shule za kijiji. Mikoko ndiyo chekechea ya samaki wengi wachanga, basi faida ni mbili.

Na malema nayo. Majaribio yaliyofanywa pwani yetu yalionyesha kwamba lema likiachiwa mwanya mwembamba wa sentimeta 3 hivi pembeni, samaki wachanga na wale wembamba wasio na bei hutoka wenyewe, wakubwa hubaki, na pato la mvuvi halipungui. Hilo ni jambo la fundi wa lema na kisu chake. Halihitaji mkopo wa benki.

Juya, lakini, si jambo jepesi hivyo. Lilipigwa marufuku na Serikali mwaka 2001, na bado laonekana. Kwa nini? Kwa sababu wale vijana wanaolivuta hawana chombo wala mshipi wao. Juya ni la tajiri. Tajiri hukopesha, tajiri hununua samaki, tajiri hupanga bei. Kijana hupata fungu lililobaki, na akikataa leo, kesho nafasi yake ina mtu. Askari akija, huchukuliwa nani? Sheria inayomkamata mvutaji na kumwacha mwenye mali ni nusu ya sheria.

Wala tusiwasahau akina mama karanga. Samaki wakubwa huenda mahotelini na katika magari ya barafu. Mama hununua wale wadogo waliobaki, akawakaanga, akawauzia watu wa mshahara mdogo. Ukikataza samaki wadogo bila kumfikiria yeye, umemwondolea biashara, na umetuondolea sisi kitoweo. Mama huyu aketi katika kamati inapopangwa sheria, asiletewe habari baadaye.

MADAI YETU

Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari mpya. Joto la bahari halikuhusika katika kesi ile, lakini fundisho lake ni kubwa: hasara ya mvuvi yaweza kuhesabiwa kwa shilingi mbele ya hakimu. Si sadaka, ni haki.

Mwaka 2022 mataifa yalikubaliana huko Misri kuanzisha mfuko wa kuwafidia wanaopata hasara kwa ajili ya mabadiliko ya hali ya hewa. Na mwaka huo huo Kenya ilithibitisha Mapatano nambari 188 ya Shirika la Kazi Duniani, yanayohusu kazi ya uvuvi. Mapatano hayo yanataka mvuvi awe na mkataba wa kazi, apimwe afya, apate mapumziko na hifadhi ya jamii, wala mtoto wa chini ya miaka 16 asipelekwe kazini baharini. Karatasi zipo, ndugu. Lakini karatasi haifui dafu. Yapasa isukumwe.

Kwa hiyo twatoa madai haya:

1. Mvuvi ahesabiwe kuwa mfanya kazi. Baharia wa mashua ya tajiri apewe mkataba ulioandikwa, na fungu lake lijulikane kabla ya tanga kutwekwa.

2. Mwenye juya ndiye ashtakiwe kwanza. Na kijana anayeacha juya apewe nyavu halali au mshipi kwa mkopo usio wa tajiri, ili asirudi utumwani juma la pili.

3. Fedha za dunia za kufidia hasara ya joto zifike pwani, katika mikono ya kamati za BMU na vyama vya akina mama, wala zisiishie katika semina na magari makubwa mjini Nairobi. Hesabu zake zibandikwe ukutani mahali samaki hupimwa, kila mtu azisome.

4. Kila bandari ya samaki iwe na mizani ya kweli na daftari la kweli. Aina ya samaki, uzani wake, na joto la maji viandikwe kila siku. Asiye na daftari hawezi kudai fidia, maana ataulizwa, "Ulipoteza nini?"

5. Meli kubwa zinazovua katika maji ya Kenya zitoe taarifa ya kila jodari, na mabaharia wa Kenya wapewe kazi ndani yake kwa mshahara wa haki.

6. Mahali pa kufungwa kwa ajili ya kuzaliana samaki pachaguliwe na wavuvi wenyewe pamoja na wataalamu, kama Kuruwitu, wala pasiamriwe kutoka mbali.

TUFANYE NINI SISI WENYEWE?

Kila tawi la chama lililo pwani twaliomba liitishe mkutano mmoja juu ya jambo hili, na liwaalike wavuvi wa karibu na akina mama karanga. Wasije kama wageni wa kusikiliza hotuba. Waje kusema, na sisi tusikilize. Mzee aliyevua miaka arobaini anayo daftari kichwani mwake ambayo haimo katika maktaba yoyote: lini nguru walikuwa wakija, lini waliacha, wapi changu walitaga. Mwandikeni maneno yake kabla hajaondoka nayo.

Wenzetu wa bandarini na wa kiwanda cha barafu, mnaposikia kwamba wavuvi wamekwenda kwa wakuu wa Serikali kudai haki, msiseme ni mambo yao. Siku tulipogoma sisi, ni nani aliyetuletea samaki nyumbani bila kudai pesa papo hapo? Deni hilo tusilisahau.

Nanyi ndugu wavuvi, msiwasikilize wanaowaambia kwamba chama ni cha watu wa mshahara tu. Anayeuza jasho lake na hapangi bei yake ni mfanya kazi, awe ameshika winchi au mshipi. Tajiri mmoja hupanga bei kwa wavuvi mia kwa sababu yeye ni mmoja na wao ni mia mbalimbali. Wakiwa mia pamoja, bei itapangwa vingine.

Bahari haitapoa mwakani, wala mwaka wa kesho kutwa. Moshi uliokwisha toka umetoka, na ukali wa miaka ijayo wategemea moshi utakaozuiwa sasa na mataifa makubwa. Juu ya hilo sauti yetu ni ndogo, lakini tutaipaza pamoja na vyama vya wafanya kazi vya nchi nyingine. Juu ya nyavu, mizani, mikataba, mikoko na fungu la baharia, sauti yetu si ndogo hata kidogo.

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Akisha kauka, atavunjika. Leo bado mbichi: bado tuna tafi, bado tuna changu, bado iko miamba iliyo hai, bado wako vijana wanaojua kusoma nyota na upepo. Tukingoja mpaka akauke, tutabaki kugawana vipande.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI